Jinsi ya kutambua hitilafu za giaboksi ya otomatiki

Magari mengi ya mitumba yanayoshushwa katika bandari ya Mombasa kutoka Japani hutumia giaboksi ya otomatiki. Adui wake mkuu kisiwani ni joto: katika foleni ya feri ya Likoni na njia finyu za Mji wa Kale, gari husimama na kuondoka mara kwa mara, mafuta ya giaboksi yakapata moto.

Kwa kawaida mafuta mazima huwa mekundu na maangavu. Yakiwa ya kahawia na kunuka kuungua, yameharibiwa na joto. Yakigeuka rangi ya waridi mithili ya maziwa, yamechanganyika na maji ya rejeta, na gari halifai kuendeshwa.

Dalili nyingine ni gari kukawia kushika gia, au injini kunguruma ilhali mwendo hauongezeki.

Mafuta yatiwe ya aina iliyotajwa katika kitabu cha gari pekee. Giaboksi za CVT zina yao maalumu.

Gari likikwama, lisivutwe magurudumu yanayozungushwa na injini yakigusa barabara. Injini ikizimwa, pampu ya mafuta husimama, na giaboksi husagika ikiwa kavu.