Elimu ya historia ya sanaa na uhifadhi wa makumbusho katika Afrika ya Mashariki

Historia ya sanaa ni taaluma inayochunguza michoro, sanamu, nguo, vyombo, majengo na kazi nyingine za mikono ya binadamu: nani alizitengeneza, kwa ajili ya nani, kwa mbinu gani, na watu walizipokea vipi. Uhifadhi wa makumbusho ni kazi iliyo jirani nayo, yaani kukusanya vitu hivyo, kuviorodhesha, kuvitunza na kuvionyesha. Katika nchi nyingi za Ulaya ni kawaida mwanafunzi kusoma kwanza shahada ya historia ya sanaa, kisha shahada ya uzamili ya uhifadhi. Katika Afrika ya Mashariki njia hiyo ni nadra. Wahifadhi wengi hutokea kwenye idara za akiolojia, historia, anthropolojia au sanaa za uchoraji na uchongaji, na jambo hilo limeacha alama katika namna vitu vinavyoelezwa makumbushoni.

Katika Mkoa wa Mara taaluma hii inaonekana kwa karibu zaidi huko Butiama, kwenye Makumbusho ya Mwalimu Julius K. Nyerere. Mwanafunzi anayetoka Kiriba, kata ya Wilaya ya Musoma Vijijini, au Bunda, anaweza kuona humo kazi ya mhifadhi bila kutoka nje ya mkoa wake.

Mwanzo Makerere

Mafundisho ya sanaa ya ngazi ya chuo yalianzia Makerere, Kampala. Margaret Trowell, Mwingereza aliyesoma Slade School ya London, alianza kufundisha huko mwaka 1937. Alikuwa pia mhifadhi wa Makumbusho ya Uganda, ambayo yalianzishwa mwaka 1908. Kuanzia 1942 mikusanyo ya makumbusho hayo iliwekwa Makerere, hadi yalipopata jengo lake kwenye kilima cha Kitante mwaka 1954. Kwa miaka hiyo mwanafunzi wa uchoraji aliweza kuvikuta vyungu, ngoma na mikuki palepale chuoni, nafasi ambayo vyuo vingi vya leo havina.

Trowell hakutaka wanafunzi wake waige mitindo ya Ulaya. Pamoja na Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki aliyekuja kuwa mhifadhi wa makumbusho hayo, alitoa mwaka 1953 kitabu kikubwa kuhusu kazi za mikono za Uganda. Ni kazi ya thamani hadi leo, lakini inaonyesha desturi ya wakati wake: kitu hutambulishwa kwa aina yake na kwa kabila kilikotoka, wala si kwa jina la fundi. Cecil Todd, aliyeshika uongozi wa shule hiyo mwaka 1958, aliongeza uzito wa historia ya sanaa ya Ulaya na ya sanaa ya kisasa.

Miongoni mwa waliopita Makerere ni Sam Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923 Machame, Kilimanjaro. Alisoma pia Slade, akafundisha Makerere, na baada ya uhuru akawa balozi wa kwanza wa Tanganyika nchini Uingereza. Mchoro wake wa mwaka 1956 wa wanaume wanaopeleka pombe ya ndizi kwa bibi arusi usiku umo katika mikusanyo ya Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York.

Tanzania

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha sanaa za uchoraji na uchongaji pamoja na muziki na tamthilia; Elias Jengo, naye aliyesoma Makerere, ni mmoja wa maprofesa waliojenga somo hilo. Mafunzo ya akiolojia yalianza chuoni hapo mwaka 1985, na huko ndiko wahifadhi wengi wa Kitanzania walikosomea. Fidelis Masao ni mfano wa mtu aliyevuka mipaka hiyo yote: alitafiti michoro ya mapangoni ya Tanzania ya kati, akaongoza Makumbusho ya Taifa, kisha akafundisha chuo kikuu. Michoro ya Kondoa iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kusoma michoro hiyo ni historia ya sanaa kamili, ingawa kwenye ratiba ya masomo huhesabiwa kuwa akiolojia.

Mafunzo mafupi ya wahifadhi walio kazini yamefanyika pia Mombasa, kwenye kituo cha kuendeleza makumbusho ya Afrika kilichoanza mwaka 2000.

Makumbusho ya Butiama

Makumbusho haya ni sehemu ya Makumbusho ya Taifa ya Tanzania, ambayo chimbuko lake ni nyumba iliyofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1940 kwa kumbukumbu ya Mfalme George V. Tawi la Butiama lilifunguliwa mwaka 1999, mwaka uleule Mwalimu alipofariki dunia tarehe 14 Oktoba. Kaburi lake liko hapohapo Mwitongo. Humo mna vitu vyake binafsi na zawadi alizopokea akiwa kiongozi.

Zawadi za viongozi ni somo gumu kwa mhifadhi. Huja na jina la aliyezitoa, pengine na tarehe; jina la aliyezitengeneza mara nyingi halimo. Lebo ikiishia kwa mtoaji, kitu kinabaki kuwa ushahidi wa ziara au sherehe tu, na fundi anafutika. Hapo ndipo historia ya sanaa inapohitajika.

Mfano mzuri ni vinyago vya Kimakonde vya mtindo wa ujamaa, ambavyo huonyesha watu wengi waliopandana kuzunguka gogo moja la mpingo. Anayetajwa kuwa mwanzilishi wake ni Roberto Yakobo Sangwani, na inasimuliwa kwamba mwanzoni umbo hilo lilimwonyesha mshindi wa mieleka akiinuliwa na wenzake. Jina la ujamaa lilikuja kuambatana na siasa ya nchi. Mtindo wa shetani nao huhusishwa na Samaki Likankoa, mwishoni mwa miaka ya 1950, na soko lake likakuzwa na Mohamed Peera, mfanyabiashara wa Dar es Salaam. Anayejua hayo hawezi kuridhika na lebo inayosema "kinyago, Wamakonde".

Kazi nyingine ya mhifadhi haina mvuto machoni pa mgeni. Kila kitu hupewa namba, hupigwa picha, hupimwa na kuandikiwa kadi. Karatasi na nguo huwekewa mwanga hafifu, kwa kawaida usiozidi luksi 50, kwa sababu rangi iliyopauka hairudi. Mbao hukaguliwa kama zina mchwa na wadudu watobozi. Namba ikifutika na kadi ikapotea, kitu kizima kabisa kinaweza kubaki bila historia.

Bujora

Nje kidogo ya jiji la Mwanza, makumbusho ya Wasukuma ya Bujora yalianzishwa katika miaka ya 1950 na padre David Clement wa Kanada pamoja na Wasukuma wenyewe. Mojawapo ya majengo yake lina umbo la kiti cha mtemi. Hakikuwa chuo, lakini wanafunzi na watafiti wengi wamejifunza hapo namna ngoma na vifaa vya utemi vinavyoweza kutunzwa na watu walio na haki navyo.

Mikusanyo iliyo ng'ambo

Vitu vingi vya Tanzania viko Ujerumani. Karl Weule alikusanya kusini mwa nchi mwaka 1906 kwa ajili ya makumbusho ya Leipzig, na Berlin kuna vitu vilivyochukuliwa wakati wa Vita vya Maji Maji vya 1905-1907. Maonyesho kuhusu historia za Tanzania yaliyofunguliwa Humboldt Forum, Berlin, mwishoni mwa 2024 yaliandaliwa pamoja na Makumbusho ya Taifa ya Tanzania. Kufuatilia kitu kilivyopita mkono hadi mkono kunadai kusoma orodha za makumbusho na majalada ya utawala, ambayo sehemu yake iko katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Mengi yameandikwa kwa Kijerumani na kwa mwandiko wa kale ambao hata Wajerumani wengi wa leo hawausomi, hivyo kwa mhifadhi wa Kitanzania anayeshughulikia mikusanyo hiyo lugha hiyo ni kifaa cha kazi.