Usiku wa Kuuliza: Kutoka Kaboya Hadi Mbale

Ukitoka Bukoba mjini kwa gari la abiria kuelekea Muleba, utafika Kaboya. Konda hatangazi jambo lolote la pekee. Abiria anashusha mkungu wake wa ndizi, mwingine anadai chenji, safari inaendelea. Lakini hapo Kaboya wamelala wanajeshi wetu zaidi ya 600 waliokufa katika Vita vya Kagera, makaburi yamepangwa mistari kama vile bado wako gwaridani.

Nilipokuwa mdogo nilimwuliza bibi yangu, "Hawa ni akina nani?" Akanijibu, "Ni watoto wa watu." Basi. Hakuongeza neno, nami sikuuliza tena. Baadaye shuleni nikajifunza kujibu mtihani: Nduli Idi Amin alivamia, tukampiga, akakimbia. Maksi mbili. Nikadhani nimeyamaliza.

Kumbe sikuwa nimeanza. Jambo moja waliloliacha wale waliolala Kaboya halimo katika daftari langu la historia. Liko mbali, upande wa mashariki wa Uganda, kwenye vilima vya karibu na mji wa Mbale. Huko, kila mwaka kati ya Machi na Aprili, watu weusi kama mimi na wewe wanasherehekea Pasaka. Si hii tuliyoizoea ya Bukoba, ya kengele za kanisa na nguo mpya. Ni Pasaka ya Kiyahudi.

Wanaitwa Abayudaya. Mhaya hahitaji mkalimani hapo: ni watu wa Yuda. Usifikiri walitoka Yerusalemu kwa jahazi. Walianza na mtu mmoja aliyesoma kitabu kwa macho yake mwenyewe.

Mtu huyo ni Semei Kakungulu. Alizaliwa yapata mwaka 1869 huko Kooki, nchi ya Rakai ya leo, ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Mtukula. Kwa lugha nyingine, ni jirani yetu. Alikuwa mpiganaji hodari wa Buganda, akawasaidia Waingereza kuiteka nchi ya mashariki hadi miguuni mwa Mlima Elgon. Yeye alitegemea wangemfanya mfalme wa huko. Waingereza wakamtumia, kisha wakampunguzia madaraka kidogo kidogo, mpaka akaelewa kwamba amewachimbia wenzake kisima.

Mwaka 1913 akajiunga na Bamalaki, dhehebu lililoshika Sabato ya Jumamosi na kukataa dawa za hospitali. Huku akiendelea kuisoma Biblia, akazidi kuvutwa na Agano la Kale. Mwaka 1919 akaamua kwamba amri ya tohara iliyoandikwa mle ni amri kweli. Wenzake wakamwonya kwamba hayo ni mambo ya Wayahudi. Naye akakata shauri: kama ni hivyo, basi sisi ni Wayahudi. Akatahiriwa, yeye na wanawe. Mwaka 1922 akatoa kitabu kwa Kiganda chenye mafundisho na sala za jumuiya yake. Alifariki Novemba 1928, akaacha watu, ardhi na kitabu.

Unaweza kumcheka Kakungulu. Wengi walimcheka. Lakini mimi ninapomfikiria namwona mtu aliyenyang'anywa ufalme akaamua kwamba jambo moja hatanyang'anywa: haki ya kusoma na kuelewa mwenyewe. Na sisi Wahaya, tunaotaniwa kila siku kuwa ni "nshomile", tungepaswa kuwa wa kwanza kumwelewa.

Jumuiya ikaishi hivyo, mara inakua, mara inapungua. Kisha Januari 1971 Amin akachukua nchi. Mwanzoni alikuwa rafiki wa Israeli. Mwaka 1972 akageuka, akawafukuza Waisraeli, na wakulima wa Mbale ambao hawakuwahi kuiona Israeli wakaunganishwa katika kosa. Dini yao ikapigwa marufuku. Masinagogi, yaani nyumba zao za ibada, yakafungwa na mengine kubomolewa. Wengi wakahamia Ukristo au Uislamu, kwa sababu mtu ana watoto wa kulea. Waliobaki wakasali kwa siri ndani ya nyumba, sauti chini. Pasaka, sikukuu ya uhuru, ikawa sikukuu ya kunong'ona.

Sasa turudi kwetu. Oktoba 1978 ndege za Amin zililipua mabomu Bukoba. Tarehe 30 Oktoba majeshi yake yakavuka mpaka, na tarehe 1 Novemba akatangaza kwamba nchi yote hadi Mto Kagera sasa ni yake. Daraja la Kyaka likavunjwa. Raia wakauawa, wanawake wakatekwa, ng'ombe wakaswagwa kwa maelfu kupelekwa Uganda. Bibi yangu, katika yale machache aliyowahi kusema, alisema kwamba walifukia sufuria migombani, wakatandika mguu kusini, na aliporudi hakukumbuka ni mgomba upi. Alicheka aliposimulia hilo. Mengine hakuyasimulia.

Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba sababu, uwezo na nia ya kumpiga tunavyo. Kufikia Januari 1979 vijana wetu walikuwa wameshaingia Mtukula. Mwishoni mwa Februari wakaiteka Masaka, wakiwa wamepita kando ya nchi ile ile alikozaliwa Kakungulu. Machi wakapigana Lukaya na askari wa Libya waliokuja kumsaidia Amin. Pamoja nao walikuwa Waganda waliotaka kuikomboa nchi yao. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka.

Hapo, ndugu msomaji, tafuta kalenda. Tarehe 11 Aprili 1979 ilikuwa Jumatano. Kwa Wayahudi siku huanza jua linapozama, na Jumatano hiyo jua lilipozama, Pasaka yao ikaanza. Jioni ile ile! Jumapili yake, tarehe 15, ikawa Pasaka ya Wakristo. Wiki moja, Pasaka mbili, na Amin hayupo.

Hakuna kamanda aliyepanga hivyo. Nina hakika yule kijana wa Dodoma au Songea aliyekufa njiani na kuja kuzikwa Kaboya hakuwahi kulisikia neno Abayudaya. Hakwenda kufungua sinagogi la mtu. Alitumwa, akaenda. Lakini wale waliokuwa wakinong'ona Mbale walisikia habari ya kuanguka kwa Farao wao katika usiku ule ule wa kukumbuka kuanguka kwa Farao wa kale. Wewe ungekuwa wao ungesahau?

Hawajasahau, na namna wanavyokumbuka ndiyo iliyonikamata. Katika jioni hiyo ya Pasaka watu hukaa mezani. Pana mkate usiotiwa chachu, kwa sababu waliotoka Misri hawakuwa na muda wa kungoja unga uumuke. Pana majani machungu, ili ulimi wenyewe uonje utumwa. Pana divai. Na kabla ya kula, mtoto mdogo kuliko wote anauliza kwa nini usiku huu si kama usiku mwingine. Ni desturi, lazima aulize. Na wakubwa ni lazima wajibu, si kwa neno moja, bali kwa hadithi nzima, tangu mwanzo, na kila msimuliaji anatakiwa kujiona kama aliyetoka Misri yeye mwenyewe. Huko Uganda, ukitaja Farao, jina la Amin haliko mbali.

Unaona tofauti? Mtoto wa kule akiuliza, haambiwi "ni watoto wa watu".

Na waliofufua mambo hawakuwa wazee. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, jumuiya ikiwa imebaki na watu mia chache tu, kikundi cha vijana kilijikusanya kwenye kilima cha Nabugoye, wakaishi na kulima pamoja. Akina J.J. Keki na Gershom Sizomu wakachukua zaburi, wakazitia midundo ya nyumbani. Nyimbo hizo zikatoka katika albamu huko Marekani mwaka 2003. Mwaka 2004 Keki akaanzisha ushirika wa kahawa uitwao Mirembe Kawomera, yaani amani tamu, ambamo Wayahudi, Wakristo na Waislamu wanauza kahawa yao pamoja. Mwaka 2008 Sizomu akahitimu urabi huko Los Angeles, na mwaka 2016 akachaguliwa kuwa mbunge. Yote hayo yalianza na vijana wasio na senti waliokataa hadithi yao ife.

Sisi tuna nini? Tuna tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa. Mkuki na ngao vinawekwa, shada la maua linawekwa, baragumu inalia. Ni heshima, siibezi hata kidogo. Lakini katika sherehe hiyo hakuna zamu ya mtoto kuuliza. Na bibi zetu wanaondoka, mmoja mmoja, na sufuria zao zikiwa bado zimefukiwa.

Mtu atasema: wale ni kabila moja, dini moja, ni rahisi kwao. Si kweli. Krakow, mji wa Poland ambao Wayahudi wake karibu wote waliangamizwa na Wanazi, una tamasha la utamaduni wa Kiyahudi lililoanza mwaka 1988. Mitaa ya Kazimierz inajaa muziki, mihadhara na mapishi. Walioanzisha walikuwa Wapolandi wawili ambao si Wayahudi, Janusz Makuch na Krzysztof Gierat. Waliona majirani hawapo, wakaona aibu kunyamaza. Basi hata jirani anaweza kutunza kumbukumbu, alimradi ajisumbue kuuliza.

Bibi yangu sasa hayupo. Nilipata nafasi ya swali moja, nikaridhika na jibu la maneno manne. Wewe huenda bado unaye wa kwako, Kamachumu, Kyaka au Kashai. Jioni moja, chakula kikiwa bado jikoni, kaa karibu naye, daftari mapajani, umwulize ilikuwaje. Akikwambia "ni watoto wa watu", usiinuke. Mwulize: watu gani? Kisha andika.