Kemia ya uchanganuzi: Somo la kupima sumu isiyoonekana

KATI ya Januari na Julai 2004, watu 317 waliugua na 125 miongoni mwao wakafariki katika iliyokuwa mikoa ya Mashariki na Kati, baada ya kula mahindi yenye sumu ya aflatoksini. Wilaya za Makueni na Kitui ndizo zilizoathirika zaidi.

Mengi ya mahindi hayo yalikuwa ya wakulima wenyewe, yaliyohifadhiwa nyumbani kabla ya kukauka vyema. Sumu hiyo hutolewa na kuvu, na moto wa kupikia ugali hauimalizi. Punje inayoonekana safi yaweza kuwa nayo.

Ni maabara pekee inayoweza kueleza kiasi cha sumu kilichomo. Kazi hiyo huangukia kemia ya uchanganuzi, tawi la kemia linalojibu maswali mawili: Je, kitu hiki kina nini ndani yake? Na kimo kwa kiasi gani?

Kutoka bureti hadi mitambo

Mwanafunzi wa Kenya hukutana na somo hili kabla ya kujiunga na chuo kikuu. Katika mtihani wa vitendo wa KCSE, hupima myeyusho kwa pipeti, kisha hudondoshea mwingine kutoka kwa bureti hadi kikashifu kibadilike rangi.

Masomo ya shahada ya kwanza huanzia hapo. Mwanafunzi hufunzwa kutumia mizani inayosoma hadi gramu 0.0001, na kugeuza kitu kinachopimwa kuwa mashapo ambayo huchujwa, hukaushwa na kupimwa uzani.

Baadaye huingia katika mbinu za mitambo. Spektroskopia hupima mwanga unaofyonzwa au kutolewa na kemikali. Mbinu za umeme hutumia elektrodi, kwa mfano katika kupima floraidi kwenye maji ya visima vya Bonde la Ufa.

Kromatografia, iliyobuniwa na mtaalamu wa mimea wa Urusi, Mikhail Tsvet, mwanzoni mwa karne ya 20, hutenganisha kemikali zilizochanganyika ili kila moja ipimwe peke yake.

Aflatoksini huonyesha jinsi mbinu hizi zinavyosaidiana. Sumu hiyo iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa nchini Uingereza mwaka wa 1960. Aina zake kuu nne huitwa B1, B2, G1 na G2. Herufi hizo zimetokana na majina ya Kiingereza ya rangi ya buluu na ya kijani, kwani ndizo rangi ambazo sumu hizo hung'aa zikimulikwa kwa miale ya urujuanimno.

Hadi leo, katika maabara nyingi, kromatografia hutenganisha aina hizo, nao mng'ao huo hupimwa ili kujua kiasi cha kila moja.

Tarakimu inayodanganya

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika mahindi nchini Kenya ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo moja. Katika gunia la kilo 90, hicho ni kiasi kisichofika hata miligramu moja.

Chukulia kwamba mwanafunzi amesaga mahindi, akapima gramu 25 na kuyatikisa ndani ya mililita 100 za kiyeyushi. Mtambo unamwonyesha nanogramu 2 katika kila mililita. Jumla ni nanogramu 200, na akigawanya kwa gramu 25 anapata nanogramu 8 kwa gramu, yaani mikrogramu 8 kwa kilo. Mahindi yamepita.

Hata hivyo, si sumu yote inayotoka kwenye unga na kuingia katika kiyeyushi. Ndiyo maana mwanafunzi hutakiwa kuchukua mahindi yasiyo na sumu, kuyatia kiasi anachokijua, kisha kuyapima kwa njia ile ile. Ikiwa alichokipata ni asilimia 75 tu ya alichokitia, basi ile 8 ya kwanza haina budi kugawanywa kwa 0.75. Jibu ni 10.7. Mahindi yale yale sasa yamevuka mpaka.

Mtambo haukuwa na kosa lolote. Kilichokosekana mwanzoni ni hatua moja ambayo wanafunzi wengi huiona kuwa ya kuwachosha bure.

Hatua nyingine za aina hiyo ni kupima sampuli tupu isiyo na kemikali inayotafutwa, kuandaa miyeyusho ya nguvu zinazojulikana ili kulinganishia, na kurudia kipimo mara kadhaa. Hesabu za takwimu hufuata, ili jibu liandamane na kadirio la shaka iliyomo.

Hila nyingine imo guniani. Kuvu haienei sawasawa. Punje chache zaweza kubeba sumu nyingi huku zilizosalia zikiwa salama. Anayechota konzi moja juu ya gunia huenda akazikosa kabisa. Katika upimaji wa aflatoksini, uchukuaji wa sampuli ndio aghalabu huleta kosa kubwa kuliko kazi yote ya maabara.

Uzito wa jibu

Matokeo ya vipimo hivi huamua mengi. Novemba 2019, Shirika la Ubora wa Bidhaa Nchini (KEBS) lilipiga marufuku aina tano za unga wa mahindi kwa sababu ya aflatoksini. Machi 2021, Kenya ilisimamisha uagizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu iyo hiyo, kabla ya kuyaruhusu tena kwa masharti siku chache baadaye.

Kipimo kikizidisha, mkulima na mfanyabiashara hupoteza mali yao bila kosa. Kikipunguza, sumu huishia mezani.

Kwa hivyo, mhadhiri anaposisitiza kwamba kila usomaji uandikwe daftarini papo hapo, kwa wino, na usiofaa ukatwe kwa mstari mmoja pasipo kufutwa, hamwonei mwanafunzi. Humwandalia siku ambapo sahihi yake itakuwa chini ya cheti, na familia asizozijua zitakuwa zikisonga ugali kwa kukiamini.