Nyuzi Nane, Chaneli Nane

Mwaka 1950 Hugh Tracey alifika Kapkatet, kwa Wakipsigis, akiwa na mitambo ya kurekodi. Kutoka Kisii si mbali: unapita Keroka, unapita Sotik, umefika. Huko alirekodi wasichana wakiimba wimbo unaoitwa Chemirocha, jina lililozaliwa kutokana na Jimmie Rodgers, Mmarekani ambaye sauti yake ilikuwa imefika kwao kupitia santuri.

Tracey alikuwa na mazoea ya kufanya kazi na maikrofoni moja, na mara nyingi aliishika mwenyewe. Akitaka mwimbaji asikike zaidi, anaisogeza kwake. Akitaka ala isikike, anaigeuzia ala. Wimbo ukiisha, mambo yameisha. Nani awe mbele na nani awe nyuma, hilo lilishaamuliwa na mkono wa mgeni, na hakuna wa kulibadilisha.

Mimi nakaa Daraja Mbili, karibu na soko. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, siku hizi naandika vibarua vya hapa na pale. Jirani yangu amegeuza chumba chake studio: blanketi za mitumba ukutani, laptopu mezani, nyaya kila mahali. Nyaya hizo ndizo zilizonifanya nianze kusoma historia hii, maana nilitaka kujua mkono wa Tracey ulienda wapi.

Wazee wetu waliotaka kutoa santuri walilazimika kusafiri. Wengine walikwenda Nairobi, River Road. Wengine walikwenda Kericho kwa Chandarana, ambako benga nyingi ya magharibi mwa Kenya ilirekodiwa. Msanii alirudi nyumbani na santuri. Kanda yenyewe, kwa kawaida, ilibaki kwa mwenye studio.

Wakati huo huo, kwingineko, sauti zilikuwa zinaanza kutenganishwa. Mwaka 1957 kampuni ya Ampex ilimpelekea mpiga gitaa Les Paul mashine yenye chaneli nane, kila moja ikishika sauti yake. Ilikuwa kubwa na ghali kupindukia. Mwaka 1979 Tascam wakaleta Portastudio, chaneli nne kwenye kaseti ya kawaida, mtu akaweza kurekodi nyumbani. Kisha mwaka 1992 Alesis wakaanza kuuza ADAT: chaneli nane za dijitali kwenye kanda ya video ya S-VHS, kwa dola 3,995.

Mashine hiyo leo ni makumbusho, lakini mlango wake mmoja mdogo haujafa. Alesis walichukua plagi ya mwanga iliyobuniwa na Toshiba mwaka 1983, wakapitisha chaneli zote nane kwenye waya mmoja. Mpaka leo studio za nyumbani zinaunganishwa hivyo.

Ukiingia kwa jirani utaona. Kadi yake ya sauti ina matundu mawili tu ya maiki. Pembeni kuna kisanduku kingine, priampu ya chaneli nane. Maiki hutoa umeme mdogo sana. Priampu inaukuza, na kwa zile maiki zinazohitaji, inazipa volti 48. Ndani ya kisanduku hicho hicho kuna kigeuzi kinachoupima umeme huo mara 48,000 kwa sekunde na kuufanya namba. Namba zinapita kwenye waya wa mwanga hadi kwenye kadi, na mbili zinakuwa kumi. Ukiongeza vipimo hadi 96,000, waya ule ule unabeba chaneli nne tu.

Kuna sharti moja. Visanduku viwili haviwezi kufuata saa mbili. Lazima kimoja kitoe mapigo na kingine kikubali kufuata, la sivyo utasikia vimlio vya "tik, tik" ndani ya wimbo. Kwa waya mmoja unaotoka kwenye priampu, njia rahisi ni kadi ifuate saa ya priampu.

Mwaka jana mzee mmoja, mpiga obokano, alikuja kurekodi. Obokano ni kinubi kikubwa cha Abagusii, nyuzi nane, ngozi ya ng'ombe, mngurumo wa chini kabisa. Jirani alimwekea maiki mbili kwenye ala, moja mdomoni, moja kwenye njuga za mguu, na nne kwa waitikiaji. Wiki iliyofuata mzee aliitwa kusikiliza. Kinanda kilikuwa kimeongezwa, na ngoma ya kompyuta.

Alisikiliza hadi mwisho. Akauliza, "Mwanangu, na yangu iko wapi?"

Jirani akazima zote, akaacha chaneli mbili. Obokano ikajaa chumbani, tukasikia hata kidole kikiteleza kwenye uzi. Mzee akasema, "Huyo ndiye mimi. Ukinipunguza, angalau sasa nitajua."

Kwangu hilo ndilo jibu. Mkono ulioshika maiki haukupotea, ulihama. Chaneli nane haziondoi uamuzi, zinauahirisha tu, na anayebaki na faili ndiye anayeamua baadaye. Mwenye laptopu anaweza kumzika mzee chini ya kinanda kirahisi kuliko Tracey alivyoweza kumsahau mwimbaji.

Rekodi za Chemirocha zilirudishwa Kapkatet mwaka 2015, miaka 65 baadaye, wakati wengi walioimba walikuwa wamekwenda. Mzee wetu hakungoja hivyo. Aliomba "vipande vyangu vyote", na jirani, baada ya kubishana kidogo kuhusu bei, akamnakilia chaneli zote nane kwenye flashi. Nakala ya pili iko kwa binti yake Nyamira, maana flashi hupotea. Ile ya kinanda inachezwa kwenye matatu. Ile isiyo na kinanda iko nyumbani kwa mwenyewe.