Korona, Pua na Ubongo: Tulivyokuja Kujua

Leo sitaanza na dalili wala dawa. Nataka tusimuliane historia, kwa sababu kuna swali ambalo akina mama huniletea hadi leo, na huliuliza kwa sauti ya chini: "Sista, tangu nipate ile korona nasahau sana. Natia chumvi mara mbili. Je, nimerogwa, ama ni uvivu kama wanavyosema nyumbani?"

Ili nikujibu vizuri, inabidi turudi nyuma hadi kwa panya wa maabara.

Mwaka wa 1949, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, waliandika kuhusu virusi vilivyowafanya panya wapooze miguu. Walipochunguza ubongo na uti wa mgongo wa panya hao, walikuta ule utando wa mafuta unaofunika neva umeharibika. Neva ni nyuzi zinazobeba habari kutoka kwenye ubongo kwenda mwilini na kurudi. Fikiria waya wa stima nyumbani kwako. Plastiki yake ikichubuka, stima haifiki vizuri kwenye taa, hata kama ile shaba ya ndani ingali nzima.

Wakati huo hakuna aliyejua neno korona. Jina hilo lilitolewa mwaka wa 1968, na mama mmoja alikuwa na mkono mkubwa katika jambo hilo. Anaitwa June Almeida, mzaliwa wa Glasgow huko Uskoti. Aliacha shule akiwa na miaka 16, akaanza kazi kama fundi wa maabara. Akawa bingwa wa kupiga picha za virusi kwa hadubini ya elektroni. Alipokuwa London, aliletewa virusi vya mafua ya kawaida ambavyo wengine walishindwa kuvitambua. Yeye aliviona, vikiwa na miiba kuzunguka kama taji. Kwa Kilatini taji ni korona. Vile virusi vya panya navyo vikaonekana kuwa wa ukoo huo huo. (Nawaambia wasichana wanaosikiliza pamoja na mama zao: huyu hakuwa na digrii alipoanza.)

Basi mambo yakakaa hivyo kwa miaka mingi. Kwa binadamu, korona ilijulikana kama mafua ya kupiga chafya tu. Kisha mwaka wa 2003 ukaja ugonjwa wa SARS, ulioanzia China mwishoni mwa 2002. Watu zaidi ya 8,000 waliugua na 774 wakafa. Madaktari walipata alama za virusi hivyo kwenye ubongo wa baadhi ya waliofariki. Mwaka wa 2012 ikaja MERS huko Saudi Arabia, ile inayotokana na ngamia, na huko pia wagonjwa wachache walipata shida za ubongo. Lakini magonjwa hayo mawili hayakusambaa hadi kila kijiji, na watu wakasahau.

Halafu ikaja ile tunayoijua sisi sote. Kenya ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza tarehe 13 Machi 2020, na mwezi uliofuata madaktari wa Wuhan, China, wakachapisha habari za wagonjwa 214 waliolazwa hospitalini. Kati yao, 78 walikuwa na dalili za ubongo au neva: kizunguzungu, kuumwa na kichwa, kupoteza harufu, na wachache walipata kiharusi. Kumbuka hawa ni watu waliolazwa, si kila aliyekohoa.

Hapa kwenye harufu ndipo ningependa tukae kidogo. Tarehe 20 Machi 2020 madaktari wa pua na masikio wa Uingereza walitoa onyo kwamba mtu anayepoteza harufu ghafla huenda ana korona, hata kama hana homa wala kikohozi. Serikali yao ikaongeza dalili hiyo kwenye orodha rasmi tarehe 18 Mei. Hizo ni wiki nane. Katika wiki hizo, mtu asiyesikia harufu ya chakula chake aliendelea kutembelea wazazi wazee bila wasiwasi, kwa kuwa orodha haikumtaja.

Wengi waliogopa kwamba virusi vinapanda kupitia neva za pua na kuingia kwenye ubongo moja kwa moja. Mwezi wa Julai 2020, utafiti mwingine kutoka Harvard ulionyesha kwamba seli za neva zinazonusa hazina ule mlango ambao virusi huingilia. Wenye mlango ni seli jirani, zile zinazozilisha na kuzitunza. Ni kama mtoto anayenyonya: yeye hakuugua, mama ndiye aliyeugua na mtoto akakosa maziwa. Seli hizo za kutunza humea upya, na ndiyo maana wengi walipata harufu tena baada ya wiki chache.

Na ubongo wenyewe je? Mara nyingi hudhurika bila virusi kuingia kwa wingi. Mapafu yakilemewa, hewa safi hupungua kwenye damu. Damu huganda ikaziba mshipa, na hapo ndipo kiharusi huja. Kinga ya mwili ikiwaka kupita kiasi, uvimbe wake hufika hata kwenye ubongo. Na kuna wakati askari hawa wa mwili hukosea adui, wakashambulia neva za mgonjwa mwenyewe, hata miguu ikaanza kulegea na ulegevu ukapanda juu. Hali hiyo ni nadra, lakini ni ya kukimbizwa hospitalini.

Mwaka wa 2022 watafiti wa Oxford walilinganisha picha za ubongo za watu 785 wenye umri wa miaka 51 hadi 81, waliopigwa picha mara mbili. Katikati, 401 walikuwa wameambukizwa korona, wengi wao kidogo tu. Sehemu za ubongo zinazohusika na kunusa zilikuwa zimepungua kidogo zaidi kwa walioambukizwa. Nasema kidogo, na nasema ni watu wazima. Usiende kumtazama mtoto wako kwa hofu kwa sababu ya utafiti huo.

Uchovu usioisha na ukungu wa akili vilipewa jina na wagonjwa wenyewe mwaka wa 2020, kabla ya wataalamu. Wengi wao waliambiwa ni mawazo tu. Mwezi wa Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaandika maelezo rasmi: dalili zinazoonekana kwa kawaida miezi mitatu baada ya kuugua, zinazodumu angalau miezi miwili, na ambazo ugonjwa mwingine hauzielezi. Kusahau na kushindwa kufikiri vizuri vimo ndani. Kwa hiyo mama, hujarogwa na si uvivu. Lakini hayo maneno ya mwisho ni muhimu: njoo tupime damu, sukari na presha kwanza, kwa maana upungufu wa damu pia huleta usahaulifu na uchovu.

Kama harufu haijarudi, kuna zoezi lililojaribiwa Ujerumani na kuchapishwa mwaka wa 2009: kunusa waridi, limau, karafuu na mkaratusi, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Karafuu na limau unavyo jikoni. Wakati huo mwombe mtu mwingine aonje maziwa ya mtoto na anuse mtungi wa gesi.

Na yeyote akipinda mdomo, akalegea mkono mmoja, akashindwa kusema, au mtoto akapata degedege, usingoje asubuhi. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla naye mlete, hata kama hakohoi.

Juma lijalo tutaongea juu ya degedege la homa kwa watoto wachanga.