Kombora la Pwani: Funzo la Mwaka 1982

Katika vita vya visiwa vya Falkland, ambavyo Argentina huviita Malvinas, manowari za Uingereza zilikuwa zikikaribia pwani usiku na kuwapiga Waargentina kwa mizinga. Mhandisi wa jeshi la majini la Argentina, Julio Pérez, na wenzake waliyatwaa makombora ya Exocet, yaliyoundwa Ufaransa kwa ajili ya manowari, wakayatengenezea trela ya kuyarushia kutoka nchi kavu. Alfajiri ya Juni 12, 1982, kombora moja liliipiga manowari Glamorgan. Mabaharia 14 walikufa, ingawa meli haikuzama.

Je, kombora hilo liliuokoa mji wa Port Stanley? La. Askari wa miguu wa Uingereza walikwisha kuukaribia mji kwa nchi kavu, na Juni 14 majeshi ya Argentina yalisalimu amri.

Ndugu, tupime pande zote mbili. Ubunifu wa mafundi wachache uliitia hofu dola kubwa ya baharini. Lakini utawala wa kijeshi, ulionyakua madaraka mwaka 1976 na kuwapoteza maelfu ya raia wake, uliwapeleka mstari wa mbele vijana wengi wenye mafunzo machache. Trela hubeba kombora. Haibebi uhalali wa serikali mbele ya umma.