Kipunji alivyopewa ukoo wake

Nimekuwa kimya kidogo. Mitihani ilinibana na bumu nalo likachelewa, na mambo hayo mawili yakikutana mwanachuo hana hamu ya kuandika chochote. Leo nimepata upenyo, na kuna jambo limenikaa kichwani tangu semina ya wiki iliyopita. Jamaa mmoja alisimama akasema, kwa uhakika kabisa, kwamba kipunji aligunduliwa na Wazungu mwaka 2003 na kabla ya hapo alikuwa hajulikani. Nusu ya darasa ikaguna, nusu ikaandika kwenye daftari. Mimi nilikuwa miongoni mwa walioguna, lakini nilipoambiwa nijibu nikajikuta sina jibu la maana. Basi nimeshinda maktaba siku tatu, na haya ndiyo niliyotoka nayo.

Nianzie nyumbani. Mimi ni mtu wa Nyakatuntu, huko juu Kagera, eneo ambalo miaka yote lilikuwa Karagwe mpaka Kyerwa ilipokatwa kuwa wilaya mwaka 2012. Kwetu mzee akikutana na kijana asiyemfahamu hamuulizi kwanza anasoma nini. Anamuuliza oruganda, yaani ukoo, na omuziro, yaani kile ambacho ukoo huo ni mwiko kukigusa au kukila. Wahinda waliotawala Karagwe mwiko wao ni kima. Nimelelewa na maswali hayo, kwa hiyo mwaka wa kwanza tulipofundishwa spishi, jenasi na familia sikupata taabu kama wenzangu. Spishi ni nyumba moja. Jenasi ni ukoo, yaani nyumba kadhaa (au hata moja tu iliyobaki) zenye babu mmoja. Jina la kisayansi lina maneno mawili, na la kwanza ndilo la ukoo. Ukitangaza spishi mpya umesema kuna nyumba tuliyokuwa hatujaihesabu. Ukitangaza jenasi mpya umesema kuna ukoo mzima ulikuwa nje ya hesabu, na hapo lazima ulete ushahidi, maana wazee watakuuliza.

Na ukoo unaweza kubadilishwa. Mfano upo hapo hapo Karagwe. Novemba 1861 Speke na Grant walifika kwa Mukama Rumanyika, na katika kukaa kwao huko Speke akapata habari za nzohe, yule mnyama wa kwenye matete mwenye kwato ndefu zinazotanuka asizame kwenye tope. Waganda humwita enjobe. Mwaka 1863 likatoka jina lake la kisayansi, na ndani yake akawekwa Speke: Tragelaphus spekii. Ukoo huo wa Tragelaphus ndio wa pongo pia. Baadaye wataalamu wengine wakaona huyu na maisha yake ya majini hawezi kuwa nyumba moja na pongo, wakampa jenasi yake peke yake, Limnotragus. Kisha ukaja uchunguzi wa vinasaba, akarudishwa kwa pongo. Mwenyewe muda wote huo yuko kwenye matete anakula.

Okapi naye alipitia mkasa wa aina hiyo, kwa kasi zaidi. Harry Johnston, kamishna maalumu wa Waingereza Uganda, alisikia kwa Wambuti habari za mnyama wa msitu wa Kongo, akafanikiwa kupata vipande vya ngozi yenye michirizi na kuvituma London. Vipande tu. Mwanzoni mwa 1901 Sclater akaviangalia, akaona michirizi, akamtia kwenye ukoo wa punda milia: Equus johnstoni. Miezi michache baadaye ikafika ngozi nzima pamoja na mafuvu mawili. Lankester akayapima, akaona huyu si punda hata kidogo, ni ndugu wa twiga. Mwaka huo huo ikaundwa jenasi ya Okapia. Tazama basi, ngozi ilisema punda, fuvu likasema twiga. (Angalau ukoo huu ulipewa jina ambalo Wambuti wenyewe walikuwa wakilitumia.)

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha kwale wa Udzungwa. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark walikuwa wamepiga kambi msitu wa Ndundulu. Wamekula mchuzi wao, wameshiba, mmoja akatazama kwenye sufuria akaona miguu ya ndege ambayo si ya kuku wala ya kwale yeyote anayemfahamu. Mwaka 1994 likatoka andiko rasmi lenye jenasi mpya, Xenoperdix, maana yake kwale mgeni. Mgeni kwa nani, jamani? Aliyemtia sufuriani alikuwa anamfahamu vya kutosha. Lakini, na hapa ndipo nilipoanza kumwelewa yule jamaa wa semina kidogo, mtegaji hakuwa na njia ya kujua kwamba ndugu wa karibu wa ndege huyo wako misitu ya Asia, na si hawa kwale wengine wa Afrika tunaowaona kila siku. Hilo halionekani mpaka umweke mezani pamoja na wa Asia.

Sasa kipunji mwenyewe. Mwaka 2003 timu ya shirika la WCS, Tim Davenport akiwa na kina Noah Mpunga na Sophy Machaga, ilikuwa ikifanya kazi na wawindaji vijiji vya kuzunguka mlima Rungwe. Wawindaji wakawatajia kima mwenye haya sana, anaitwa kipunji. Shida ni kwamba wazee wa Kinyakyusa wanasimulia wanyama wa msituni wa kila namna, wa kweli na wa mizimu, na si rahisi kwa mgeni kujua sasa hivi anasimuliwa yupi. Wakamtafuta mpaka wakamwona kwa macho: kima mkubwa wa kahawia, nywele zimesimama juu ya kichwa kama za mtu aliyeamka sasa hivi, tumbo jeupe jeupe, na mlio usiofanana na wa kima mwingine yeyote, nusu honi nusu mbweko. Mwaka 2004 timu nyingine, ya Trevor Jones na wenzake, ikamwona kima huyo huyo Ndundulu, umbali wa kama kilomita 350. Ndiyo, Ndundulu ile ile ya sufuria. Timu hizi mbili hazikuwa zinajuana mpaka mwishoni mwa mwaka huo, wakaamua kuandika pamoja.

Mei 2005 jarida la Science likamtoa. Waandishi saba, Watanzania wawili wakiwamo. Walimwita Lophocebus kipunji, yaani wakamwingiza kwenye ukoo wa mangabei wanaoishi juu ya miti. Na hawakuua hata mmoja. Walitegemea picha na sauti, kwa sababu waliona wanyama wenyewe ni wachache mno. Hapo ugomvi ukaanza. Wapo wanasayansi walioandika kupinga, wakasema jina bila mwili ni sawa na cheti cha kuzaliwa kisicho na mtoto. Kesho mtu akitaka kulinganisha atalinganisha na nini? Mimi binafsi niko upande wa waliokataa kuua. Lakini nakiri kwamba kilichofuata kiliwapa nguvu wapinzani.

Mwaka huo huo wa 2005 kipunji mmoja, dume ambaye hajakomaa, alikutwa amekufa kwenye mtego wa mkulima, shamba la mahindi upande wa Rungwe. Mtego ulikuwa wa kulinda mahindi tu, hakuna aliyemtuma mkulima. Mwili ule ukafika jumba la makumbusho la Field, Chicago. Kwa mara ya kwanza kukawa na fuvu la kupima na nyama ya kutolea vinasaba, na majibu yake yakagongana. Kwa umbile la fuvu na maisha ya mitini, huyu hana uso wa nyani. Kwa vinasaba, ndugu zake wa karibu ni nyani, jenasi ya Papio, kuliko hao mangabei aliokuwa amewekwa nao.

Mngefanyaje? Kumwacha kwa mangabei ni kupuuza damu. Kumpeleka kwa nyani ni kupuuza mwili wote, maana nyani ana uso mrefu kama wa mbwa na anashinda chini. Davenport, Bill Stanley wa Field na wenzao watano (Mpunga na Machaga wamo tena) wakaandika mwaka 2006 kwamba njia ya haki ni kumpa ukoo wake: Rungwecebus, yaani kima wa Rungwe. Ikawa jenasi ya kwanza mpya ya kima hai wa Afrika tangu 1923, alipopewa ukoo wake yule kima wa mabwawa ya Kongo, Allenopithecus. Miaka 83! Na jina lote ukilitazama, Rungwecebus kipunji, limebeba mlima wa Wanyakyusa na neno la Wanyakyusa. Speke hayumo.

Mambo hayakuishia hapo. Mwaka 2009 watafiti wengine walirudia vinasaba vya kipunji wa Rungwe wakakuta sehemu inayorithiwa kwa mama peke yake inafanana mno na ya nyani wa njano wa maeneo hayo. Yaani inaelekea zamani sana kulikuwa na kuchanganyika, bibi mmoja kutoka kwa nyani aliolewa kwa kina kipunji. Mwaka 2010 wakapima wa Ndundulu, wao wakaonekana hawana mchanganyiko huo. Kwa hiyo ukoo umesimama, ingawa upande wa Rungwe una habari za ndoa ya zamani. Hesabu iliyotolewa 2008 ilikuwa kipunji 1,117 tu, Ndundulu wakiwa 75 kati yao, wote kwenye msitu usiofika kilomita 18 za mraba. Mwaka huo wakaingizwa kwenye orodha ya wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Chuo chetu tu tunawazidi kwa mbali.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule jamaa ni hili, na nitalitoa semina ijayo. Kumjua kipunji na kumpa jenasi ni kazi mbili. Ya kwanza ilifanywa na wawindaji wa Kinyakyusa, na bila wao hakuna aliyekuwa na pa kuanzia; jina lenyewe ni lao. Ya pili ilihitaji mafuvu ya kima wengine kwenye kabati, mashine, na watu wa kubishana, na humo Watanzania walikuwamo. Kinachoniuma ni kwamba fuvu lililoamua shauri liko Chicago, na mimi mwanafunzi wa baiolojia wa nchi hii nimeliona kwenye karatasi tu.

Jumapili nilimpigia babu simu Nyakatuntu. Baada ya shikamoo na habari za ndizi nikamsimulia shauri lote: uso wa huku, damu ya kule. Akasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Mambo hayo tunayo hata hapa," akasema. "Mtoto ana uso wa kwa mjomba, damu ya kwa baba. Wazee hukaa."

"Na hao nao walikaa, babu."

"Vizuri. Na yule mwenye shamba, mahindi yake walimlipa?"

Nikacheka, yeye hakucheka. Nikakumbuka kwa nini. Nilipokuwa darasa la nne msimu mmoja nilipewa kazi ya kulinda shamba lake dhidi ya kima, nikasinzia chini ya mwembe, na tulivuna gunia moja na nusu mahali pa magunia manne.